Kiunzi cha PLGA kwa ugwe uliokatika: namna ya kukitengeneza, kukipandikiza na kukipima

Ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya uti, ukijeruhiwa hauachi pengo safi. Damu huvuja, seli hufa kwa siku kadhaa baada ya ajali yenyewe, na wiki chache baadaye panabaki uwazi uliojaa majimaji, umezungukwa na kovu. Aksoni, yaani nyuzi ndefu za seli za neva, zinazojaribu kuchipua hufika ukingoni na kukwama, kwa kuwa mbele hakuna pa kukanyaga. Kipandikizi cha bayomatiria huingia hapo kama kiunzi, kitu chenye vitundu vingi kinachojaza pengo ili seli na aksoni zipate njia, kisha chenyewe kiyeyuke taratibu. Hakifufui neva zilizokufa, wala hakiziamuru aksoni ziende wapi.

Mwongozo huu ni wa maabara, kwa panya, na unamhusu mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara au daktari wa upasuaji anayeanza utafiti wa aina hii. Tumechagua kiunzi cha polima iitwayo PLGA kwa sababu njia yake ni ya bei nafuu na matatizo yake yanafahamika vizuri. Ni familia hiyohiyo ya polima, ikiunganishwa na polilisini, iliyotumika kwenye Neuro-Spinal Scaffold, kipandikizi kilichojaribiwa kwa binadamu Marekani kuanzia 2014. Kwa maoni yetu, kazi nyingi za viunzi haziharibiki kwenye kemia. Zinaharibikia kwenye kingo, pale kiunzi kinapokutana na tishu, na kwenye utunzaji wa mnyama baada ya mshono wa mwisho. Ndiyo maana sehemu hizo mbili tumezipa nafasi kubwa.

Kuchagua polima

PLGA ni mchanganyiko wa asidi laktiki na asidi glikoliki, na uwiano wake ndio unaoamua kiunzi kitadumu muda gani. Ile ya 50:50 huisha ndani ya mwezi mmoja au miwili, ya 75:25 huenda miezi minne hadi mitano. Kwa jaribio la wiki 12 chukua 75:25. Ile ya 50:50 huanza kubomoka wakati aksoni bado ziko njiani, na ikibomoka kwa kasi humwaga asidi nyingi kwa pamoja katikati ya tishu ambayo tayari ina uvimbe.

Chupa ya PLGA hukaa kwenye friza ya nyuzi −20. Ukiitoa, iache kwenye joto la chumba mpaka ubaridi uishe kabisa ndipo uifungue. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa hewa hutua juu ya polima na kuanza kuikata minyororo yake. Kosa hili halionekani kwa macho. Utaligundua miezi miwili baadaye viunzi vikianza kuvunjika mkononi.

Chumvi

Vitundu vya kiunzi hutengenezwa na punje za chumvi: unamimina polima iliyoyeyushwa juu ya chumvi, unakausha, kisha unaosha chumvi itoke. Tumia sodiamu kloraidi ya maabara. Chumvi ya mezani ina madini joto na dawa ya kuzuia kugandana, na dawa hiyo huweza kubaki ndani ya kiunzi. Isage kwenye kinu, ipitishe kwenye chekeche ya mikroni 212, kisha kwenye ya mikroni 106, na uchukue ile iliyobaki juu ya chekeche ya pili. Ikaushe usiku kucha kwa nyuzi 60. Maabara zilizo karibu na bahari zina shida ya pekee hapa, kwani chumvi hunywa unyevu ndani ya saa chache na kushikamana mabonge, na bonge huacha pango kubwa katikati ya kiunzi. Ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli na uipime muda uleule unapotaka kuimimina.

Kuna hesabu moja inayowapotosha wengi. Chumvi ikiwa asilimia 90 ya uzito, watu huandika kwamba kiunzi kina uwazi wa asilimia 90. Sivyo. Gramu moja ya chumvi huchukua takriban sentimita za ujazo 0.46, na gramu moja ya PLGA takriban 0.77. Kwa hiyo uwiano wa uzito wa 9 kwa 1 hutoa uwazi wa asilimia 84 hivi. Ukitaka uvuke 90 nenda kwenye 19 kwa 1, ambayo hutoa karibu 92. Zaidi ya hapo kiunzi kinakuwa laini mno, hakishikiki kwa kibano bila kubonyea.

Kumimina na kuosha

Yeyusha gramu 0.5 za PLGA katika mililita 5 za klorofomu, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kisichopenyeza, kwa saa mbili au zaidi mpaka usione uzi wowote unaoelea. Tandaza gramu 9.5 za chumvi kwenye sahani ya petri ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 5, igongegonge mezani ilale sawa, kisha mimina polima polepole kuanzia katikati. Sahani iwe ya kioo kweli. Zile za plastiki huyeyuka kwa klorofomu, na ukizitumia utapata kiunzi cha mchanganyiko usioujua.

Kazi yote hii ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Klorofomu hudhuru ini, na hupenya glavu za nitrili kwa muda mfupi, basi ikikudondokea badilisha glavu papo hapo. Mabaki yake yaende kwenye chupa ya taka za viyeyusho vyenye klorini, yasimwagwe kwenye sinki, na kamwe yasichanganywe na asetoni. Vikikutana na alkali vinaweza kulipuka.

Funika sahani kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa vitobo vichache, iache saa 24. Ukiharakisha kwa kuiacha wazi, uso hukauka kwanza na kutengeneza ngozi, na mvuke unaobaki chini huacha mapovu. Baada ya hapo iingize kwenye pampu ya ombwe saa 48 ili klorofomu iliyojificha itoke. Hatua hii ndiyo hukatizwa zaidi na watu wenye haraka, na klorofomu iliyobaki huua seli kwenye kingo za jeraha, kisha lawama hupewa polima.

Toa kipande, kiweke kwenye lita moja ya maji yaliyotolewa ayoni, kikandamize kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu kwa sababu kitaelea, na koroga taratibu. Badilisha maji kila baada ya saa 8 kwa siku mbili. Kujua kama chumvi imekwisha, chukua mililita chache za maji ya mwisho na udondoshee nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, endelea kuosha. Kisha kikaushe kwa kugandisha na kufyonza, au kwa ombwe kwenye joto la chumba. Usikitie kwenye oveni. PLGA hulainika kuanzia nyuzi 45 hivi, na ikiwa na maji hulainika mapema zaidi, kwa hiyo vitundu vyote vitajifunga.

Pima uzito baada ya kukausha. Uliweka gramu 0.5 za polima, upate karibu gramu 0.5. Ukipata 0.7, kuna chumvi iliyofungiwa kwenye vitundu visivyounganika, na vitundu vya namna hiyo havina faida kwa aksoni hata kama chumvi isingekuwepo. Kipimo kingine cha haraka ni kudondosha ethanoli yenye rangi juu ya kipande chembamba na kutazama kama inajitokeza upande wa pili. Mwenye hadubini ya elektroni ataona zaidi, lakini tone la rangi limeokoa muda mwingi wa watu.

Kukata na kutakasa

Kata uso wa juu na wa chini na uutupe, kwa kuwa pande zilizogusa hewa na kioo huwa na ngozi iliyofungwa. Kwa wembe mpya, chini ya hadubini ya upasuaji, kata vipande vyenye upana wa milimita 1.5 na kina cha milimita 2. Urefu utofautiane: 2.5, 2.75, 3.0, 3.25 na 3.5. Usikate saizi moja tu kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye pendekezo la utafiti. Jeraha ndilo litakalokuambia saizi.

Kiunzi hiki hakivumilii otoklevu, mashine inayotakasa kwa mvuke wa moto. Miale ya gama hutakasa ila hufupisha minyororo ya polima, kwa hiyo ukiitumia, jaribio zima litumie viunzi vya kundi hilohilo. Kwa maabara nyingi njia rahisi ni ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30, mara mbili, huku ukivuta ombwe kidogo ili hewa itoke vitunduni. PLGA huchukia maji. Bila ethanoli kwanza, maji ya chumvi yatabaki nje na katikati ya kiunzi patakuwa hewa tupu. Suuza mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfati) safi isiyo na vijidudu, dakika 15 kila mara.

Kisha kivike. Poli-L-lisini ya mikrogramu 50 kwa mililita kwa saa mbili, suuza vizuri mara tatu kwa sababu ile isiyoshika ni sumu kwa seli, halafu laminini, protini ambayo seli hushikilia, ya mikrogramu 10 kwa mililita usiku kucha kwa nyuzi 4. Kutoka kila kundi toa kipande kimoja, kiweke kwenye maji ya kukuzia seli kwa nyuzi 37 kwa saa 72. Yakigeuka mawingumawingu, kundi zima litupwe. Pima na endotoksini pia. Kiunzi kinaweza kuwa hakina bakteria hai na bado kikabeba mabaki yao, na mabaki hayo yakaamsha uvimbe utakaodhani umeletwa na polima. Vilivyovikwa vitumike ndani ya saa 24, vingine vyote vikae vikavu kwenye friza.

Upasuaji

Usianze bila kibali cha kamati ya maadili ya wanyama wa utafiti na bila daktari wa wanyama aliyepitia dozi zako. Panya jike wa Sprague-Dawley wa gramu 200 hadi 250 ndio wanaotumika zaidi, kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi na kibofu ni rahisi kukikamua. Nusukaputi ya isofulureni, asilimia 4 hadi 5 kumlaza na 1.5 hadi 2.5 kumshikilia. Mpake mafuta ya macho, umlaze juu ya mkeka wa joto, na joto la mwili libaki karibu na 37. Dawa ya maumivu itangulie kabla ya kisu.

Tafuta ubavu wa mwisho, ambao ni wa pingili ya kifua ya 13 (T13), hesabu kwenda juu hadi T10 na T9. Ondoa paa la pingili hizo mbili kidogokidogo, bila kuingiza ncha ya koleo chini sana. Ugwe ukigongwa hapa umeongeza jeraha jingine ambalo haliko kwenye mpango wako. Fungua utando wa juu, dura, kwa urefu. Mshipa wa damu unaopita katikati ya mgongo wa ugwe ndio alama yako, ingawa wakati mwingine hupinda kidogo, hivyo ulinganishe na mizizi ya neva ya pande zote mbili. Pitisha sindano ya geji 27 katikati, kisha kata nusu ya kulia kwa mkasi mdogo, mara mbili, kwa umbali wa milimita 2.5 hadi 3, na uinue tishu ya kati kwa mfyonzo mdogo.

Sasa subiri. Weka kipande cha sponji ya jelatini kilicholowa salaini baridi na uhesabu dakika tatu hadi tano. Usichome kwa umeme ndani ya ugwe. Damu ikikoma, toa sponji yote na utazame tena. Kingo za ugwe hurudi nyuma baada ya kukatwa, kwa hiyo pengo ulilokata la milimita 2.5 sasa linaweza kuwa 3. Lipime hapo, wakati huo, kwa rula ya hadubini, na ndipo uchague kiunzi. Kiguse kingo zote mbili bila kusukumwa, na uso wake ulingane na uso wa ugwe. Kikijitokeza juu, misuli utakayoishona itakikandamiza chini kila mnyama anapopumua.

Kiunzi kikubwa kupita kiasi kinakandamiza nusu nzima iliyobaki, na dalili yake ni mguu wa upande usiojeruhiwa kulegea siku ya pili au ya tatu. Kilicho kidogo huacha ufa, ufa hujaa damu, damu hugeuka majimaji, na unarudi kwenye uwazi uleule uliotaka kuuziba. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo hupita bila kuonekana hadi siku ya kukata tishu. Wanaotumia jeli badala ya PLGA waongeze tahadhari moja, yaani jeli inywe maji hadi itosheke kabla ya kupimwa, la sivyo itavimba ndani ya mfereji wa uti ambao hautanuki.

Funga dura kwa uzi wa 10-0 ukiweza, misuli kwa tabaka kwa uzi wa 4-0, kisha ngozi.

Siku 14 za kwanza

Hapa mnyama anakutegemea kwa kila kitu, na ni haki yake kuupata uangalizi huo mchana, usiku na mwisho wa juma. Panga zamu za watu kabla ya kupanga upasuaji.

Kibofu kikamuliwe mara mbili hadi tatu kwa siku mpaka ajikojolee mwenyewe. Kwa panya wa nusu ugwe hili huweza kurudi ndani ya siku chache, lakini wengine huchelewa, usimwache kwa kudhani. Mkojo wa damu au wenye ukungu, mwite daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Salaini ya joto mililita 5 chini ya ngozi, mara mbili kwa siku, siku tatu za mwanzo. Buprenofini miligramu 0.05 kwa kilo kila saa 8 hadi 12 kwa saa 72. Malalio yawe laini, chakula kiwekwe sakafuni na mdomo wa chupa ya maji ushuke chini. Kagua vidole vya miguu kila siku, kwani panya aliyepoteza hisia huweza kujitafuna. Mpime uzito kila asubuhi. Akipoteza asilimia 20, muda wake kwenye jaribio umekwisha, na kibali chako kinapaswa kusema hivyo.

Mnyama mwenye maambukizi ya kibofu au maumivu hatembei vizuri, na alama zake mbaya zitaingia kwenye hesabu zako kama kosa la kiunzi.

Kupima

Uwe na makundi matatu angalau: waliofunguliwa mfupa tu, waliokatwa ugwe bila kiunzi, na waliokatwa wakawekewa. Bahasha inayosema panya yuko kundi gani ifunguliwe baada ya ugwe kukatwa na damu kukoma. Mkono wa mpasuaji anayejua tangu mwanzo kwamba huyu atapata kiunzi hukata tofauti, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Anayepima mwendo asijue kundi lolote.

Mwendo hupimwa kwa skeli ya BBB, iliyotolewa na Basso, Beattie na Bresnahan mwaka 1995, kuanzia 0 hadi 21. Pima siku ya 1, ya 3, ya 7, kisha kila wiki hadi ya 12, kila mguu peke yake. Panya wa nusu ugwe ambaye siku ya kwanza mguu wa kulia unakanyaga vizuri hakukatwa ipasavyo. Kanuni ya kumwondoa iandikwe kabla ya jaribio kuanza.

Umuhimu wa kundi la kulinganisha unaonekana kwenye historia ya Neuro-Spinal Scaffold yenyewe. Utafiti wa kwanza, INSPIRE, haukuwa na kundi la kulinganisha. Kati ya watu 16 waliofikia kipimo cha miezi sita, 7 walikuwa wamepanda kutoka jeraha kamili, daraja A, hadi B au C, yaani jeraha lisilo kamili. Matumaini yalikuwa makubwa, na yalikuwa na haki ya kuwa makubwa. Utafiti wa pili uliwagawa watu 20 kwa kura, nusu wakapata kipandikizi na nusu upasuaji wa kawaida, na matokeo ya 2023 hayakufikia lengo kuu. Baadhi ya waliojeruhiwa hupata nafuu bila kipandikizi, na vilevile panya wako wa kundi tupu watapanda alama nyingi ndani ya wiki nne. Mgonjwa au familia ikikuuliza kama wakanunue kipandikizi cha aina hii popote pale, jibu lililo la kweli leo ni kwamba mahali pake ni ndani ya utafiti ulioidhinishwa, ambako kwa kawaida mgonjwa halipishwi kipandikizi.

Alama za BBB peke yake hazionyeshi kuwa aksoni zimevuka. Nusu ya kushoto iliyobaki nzima huchipua matawi na kuubeba mguu wa kulia. Choma sindano ya BDA, kifuatilizi kinachosafiri ndani ya aksoni, ya asilimia 10 kwenye gamba la ubongo la mwendo wiki mbili kabla ya mwisho, ili uone aksoni zenyewe zikiingia na, muhimu zaidi, zikitoka upande wa chini. Kwa panya wachache, ukate tena ugwe juu kidogo ya kiunzi, upande uleule. Nafuu ikibaki palepale, haikupitia kwenye kiunzi chako.

Tishu ikishahifadhiwa kwa formaldehidi ya asilimia 4, ikate kwa urefu, mikroni 20 kila kipande, na upake rangi ya GFAP kwa kovu, Iba1 kwa seli za uvimbe na NF200 kwa aksoni. Anza kutazama kwenye kingo kabla ya katikati. Ukikuta mstari mweusi wa uwazi kati ya kiunzi na ugwe, rudi kwenye daftari la upasuaji, tafuta pengo la panya huyo lilikuwa na urefu gani na kiunzi chake kilikuwa saizi gani, na kundi linalofuata uongeze milimita 0.25.